Historia ya Marehemu Pelagia Kokushubira, Mjane Aliyemkatia Rufaa Tharcisse

Ndugu waombolezaji, Padre, majirani wa Pearland, wenzake wa kazini, na ninyi viongozi wa Umoja wa Ziwani mliosafiri kutoka Dallas mkaketi safu ya mbele kabla wafiwa wenyewe hawajapata viti, familia inawasalimu nyote na inawaomba utulivu, kwa sababu historia hii marehemu aliipitia mwenyewe akiwa kitandani, akaagiza isipunguzwe, na mdogo wake Edson, anayeisoma sasa, alilazimika kumwahidi kwamba hatamung'unya maneno.

Marehemu Pelagia Kokushubira alizaliwa tarehe 9 Agosti 1970 huko Kamachumu, katika mkoa uliokuwa bado ukiitwa Ziwa Magharibi na ambao leo ni Kagera, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Leonce na Mama Clara, ambao wote wametangulia. Vita vilipofika mwaka 1978 na nyumba yao ikajaa watu waliokimbia kutoka ng'ambo ya mto, Pelagia, mtoto wa miaka minane, alilazwa chini pamoja na wageni, na asubuhi moja akamwambia mama yake, wageni wenyewe wakisikia, kwamba yule mzee anayesali kwa sauti kubwa kuliko wote ndiye anayemaliza maziwa ya mtoto. Alichapwa kwa utovu wa adabu, lakini maziwa hayakupungua tena, na familia inaona ni haki kuwaambieni mapema kwamba mtu tunayemzika leo alikuwa wa namna hiyo tangu mwanzo, wala si Marekani iliyomharibu.

Alisoma shule ya msingi Kamachumu, akaendelea na sekondari ya wasichana Bukoba kuanzia mwaka 1986 hadi 1989, kisha akajiunga na mafunzo ya uuguzi Mwanza, akahitimu mwaka 1993 na kufanya kazi huko huko Mwanza kwa miaka minane. Tarehe 14 Desemba 1996 alifunga ndoa na Samson, kijana wa Bukoba aliyekuwa karani wa kampuni ya usafirishaji, mtu mcheshi aliyeweza kumwigiza yeyote akiongea, askofu, mkuu wa wilaya, hata mama mkwe, na Mungu akawajalia watoto wawili, Abigail, aliyezaliwa Mwanza tarehe 22 Februari 1999, na Erick, aliyezaliwa hapa Texas tarehe 5 Oktoba 2003.

Walihamia Marekani mwezi Agosti 2001 na kupanga Carrollton, kando ya Dallas, na ni katika sebule yao ya Carrollton, mwaka 2004, ambapo watu wa Bukoba na Kigoma walianza kukutana Jumapili kula ndizi na kupeana habari za kazi, na baadaye, walipoanza kuja ndugu zetu Wakongo wa Uvira na Fizi waliokulia kambini, nao wakakaribishwa, kwa kuwa wote ni watu wa maziwa. Huo ndio mwanzo wa Umoja wa Ziwani, ambao leo una katiba, sare, walezi, washauri wa walezi, na mwenyekiti, Ndugu Gaudence, aliyeshika kiti tangu mwaka 2012 na ambaye kila uchaguzi hukuta, kwa maajabu, hakuna mgombea mwingine.

Mwaka 2010 Pelagia alipata kazi katika wodi ya wagonjwa wa moyo kwenye hospitali moja kubwa ya Houston, wakanunua nyumba hapa Pearland, lakini hawakuuacha Umoja, na Samson hasa hakuwaacha marafiki zake wa Mesquite, nako kando ya Dallas, ambao mmoja wao ni Tharcisse, aliyekuja na mama yake, Mama Rosette, kutoka kambini Kigoma. Samson ndiye aliyempokea, ndiye aliyemfundisha kuendesha gari kwenye uwanja wa maegesho wa duka moja Mesquite, ndiye aliyempeleka kuapa uraia. Marehemu hakuwa anamheshimu sana Tharcisse, na tusizue heshima leo, alikuwa akimwita Ndiyo Mzee, kwa sababu hakuwahi kumsikia akimkatalia jambo lolote mtu yeyote mwenye tai.

Jumamosi tarehe 1 Julai 2017, Umoja ulifanya sherehe yake ya mwaka katika bustani moja ya Mesquite, na Samson alikwenda peke yake kwa kuwa Pelagia alikuwa zamu. Alasiri hiyo gari la Samson, likiendeshwa na Tharcisse, liliacha njia kwenye kona na kugonga nguzo ya daraja, Samson akafa hapo hapo, Tharcisse akavunjika bega, na polisi wakampima wakakuta pombe imepita kiasi. Hapo hapana cha kutetea, alikunywa, akashika usukani, akamuua mtu aliyemfundisha kuushika, na marehemu hakuwahi kulisema jambo hilo kwa sauti ya chini ili kumfurahisha mtu. Alishtakiwa, akakiri, akafungwa, na kwa kuwa alikiri hapakuwa na mashahidi wa kusikilizwa, hivyo Pelagia alitoka mahakamani akiwa hajui hata gari la mumewe lilikuwa linakwenda wapi, maana lilikutwa limeelekea upande usio na nyumba ya mtu yeyote wanayemfahamu.

Lakini Umoja haukuisubiri mahakama. Mwezi Septemba 2017, kabla kesi haijatajwa mara ya pili, mkutano mkuu uliitishwa Carrollton kwa haraka ambayo haijawahi kuonekana hata kwenye msiba, na Ndugu Gaudence akasoma azimio kwamba Tharcisse amefukuzwa na kutengwa maisha, asialikwe, asisalimiwe, asipangishwe chumba na mwanachama, na likitokea lake la furaha au la huzuni, mwanachama asikanyage, yote hayo, lilisema azimio, kwa heshima ya mjane wetu. Mjane mwenyewe alilisoma kwenye simu wakati wa mapumziko ya chakula, akaandika katika kundi la WhatsApp swali moja tu, "Nani ameniuliza?", na akajibiwa na picha za mikono iliyokunjwa kwa sala, nyingi mno, kutoka kwa watu ambao hawakuwa wamempigia simu tangu arobaini.

Aliyekaa naye mezani siku hiyo alikuwa muuguzi mwenzake, mama wa kabila la Wakrii kutoka kaskazini mwa Kanada, ambaye yupo pamoja nasi, pale nyuma alikojibana kwa kukosa nafasi huku mbele. Alimwambia Pelagia kwamba katika kijiji chake pia watu hufukuzwa, na kwamba jambo hilo huwagombanisha watu mpaka ndugu wasisalimiane, wengine wakisema aliyetolewa asirudi kamwe, wengine wakisema atarudi lini kama hana pa kuombea msamaha, lakini walipotaka kusikiliza rufaa ya kijana mmoja waliita watu wote watoe maoni, na wa kwanza kuulizwa alikuwa dada wa huyu muuguzi, ambaye ndiye aliyeumizwa. Pelagia aliweka uma chini. "Kwenu wanamuuliza aliyeumia," alisema, "kwetu wanamwombea."

Tharcisse alitoka gerezani mwezi Machi 2022 akarudi kwa mama yake Mesquite, akapata kazi ya kupakia mizigo ghalani, na azimio likaanza kufanya kazi yake. Watu waliokuwa wakila kwa Mama Rosette walivuka upande wa pili wa duka walipomwona, wanakwaya wa kanisani kwao walinyamaza mama huyo alipoanza kuimba nao, na kuna wanaume wazima, baadhi yao wamevaa suti nzuri leo, waliotoka kwenye foleni ya kinyozi kwa sababu Tharcisse ameingia. Mama Rosette alifariki tarehe 8 Februari 2023 akiwa ameishi mwaka mmoja wa mwisho kama mtu mwenye ukoma, na jioni hiyo hiyo Kamati ya Umoja ikatuma tangazo kuwakumbusha wanachama kwamba azimio bado lina nguvu.

Pelagia alisoma tangazo, akaomba ruhusa kazini, akapika sufuria ya maharage na nyingine ya wali, akaendesha gari mwendo wa saa nne kutoka Pearland hadi Mesquite. Alikuta sebule ina viti vimepangwa ukutani na hakuna aliyevikalia, ila Bibiche, mama wa Kikongo jirani wa ghorofa ya juu, aliyekuwa ameingia kwa mlango wa nyuma ili asionekane. Tharcisse alipomwona mjane wa Samson mlangoni alisimama, akainamisha kichwa, na Pelagia akamwambia, "Kaa chini. Sikuja kwako, nimekuja kwa mama yako." Akavua viatu, akakaa kwenye mkeka, akamlilia Mama Rosette kwa sauti ambayo majirani Wamarekani walitoka nje kuisikiliza.

Hata maharage hayajapakuliwa, simu ililia, alikuwa Ndugu Gaudence, na Pelagia, kwa tabia yake, aliiweka kwenye spika.

"Mama Abigail, unatudhalilisha," alisema Mwenyekiti. "Watu watasemaje?"

"Watasema nimekwenda msibani. Wewe uko wapi?"

"Tulimtenga kwa ajili yako, mama. Kwa ajili ya machozi yako."

"Machozi yangu mliyaona wapi, Mwenyekiti? Mimi nina maneno ya kumuuliza huyu mtu. Mmemfungia nje, na majibu yangu yamefungiwa naye. Mtu aliyefukuzwa hadaiwi na yeyote. Hilo ndilo mlilonifanyia."

"Basi umemsamehe?"

"Nani amekwambia nimemsamehe?" Pelagia alisema, akakata simu, akamgeukia Tharcisse ambaye alikuwa amesikia yote. "Na wewe usijidanganye," akamwambia. "Sijakusamehe."

Wiki iliyofuata marehemu aliisoma katiba ya Umoja, jambo ambalo familia ina sababu ya kuamini kwamba Kamati yenyewe ilikuwa haijawahi kulifanya, akakuta kwamba aliyefukuzwa anaweza kukata rufaa kupitia mwanachama hai, akaikata kwa jina lake mwenyewe. Kamati ilipopata habari ilicheka kwanza, kisha ikakasirika, kisha ikaunda kamati ndogo, na hatimaye, baada ya kuona mjane hachoki kupiga simu, ikatangaza mkutano wa kukusanya maoni ya wanajamii, Jumamosi tarehe 20 Mei 2023, katika ukumbi mmoja wa kukodi Carrollton, na chini ya tangazo ikaandika kwamba vitafunio vitakuwepo.

Marehemu alisema mara nyingi kwamba hajawahi kuona watu wengi wenye maoni mengi hivyo juu ya jambo wasilolijua. Alisimama bwana mmoja akazungumzia sura ya jamii yetu mbele ya wenyeji wa Texas, kana kwamba wenyeji wa Texas hukesha wakituwaza. Alisimama mama mmoja akasema watoto wetu wanaweza kuiga, na alipoulizwa waige nini, kufungwa au kutoka, akasema yeye anazungumza kwa ujumla. Mwingine alipendekeza Tharcisse aruhusiwe kurudi ila asile pamoja na watu, mwingine akataka apewe majaribio, mwingine, ambaye ni Mkongo, akasema wazi kwamba angekuwa mtu wa Bukoba angesamehewa kabla ya arobaini, na meza kuu yote ikaanza kutafuta kitu kwenye simu. Mlezi mmoja alinukuu Maandiko pande zote mbili, akaketi akishangiliwa na pande zote mbili. Tharcisse mwenyewe alikuwa nje, kwenye gari la Bibiche, maana ilisemekana kuingia kwake kungekuwa kinyume cha azimio linalojadiliwa, na aliyeumizwa aliwekwa wa mwisho kwenye ratiba, baada ya neno la shukrani.

Pelagia hakungoja neno la shukrani. Alisimama, akavua miwani, akasema, "Mimi sina maoni. Nina swali. Siku ile mume wangu na Tharcisse walikuwa wanakwenda wapi?"

Ukumbi ukanyamaza, na ndugu waombolezaji, kuna kimya cha watu wasiojua na kuna kimya cha watu wanaojua, na muuguzi wa wodi ya moyo anatofautisha. Pelagia alipitisha macho meza kuu, mmoja mmoja, nao wakainama mmoja mmoja, mpaka sauti ikatoka kwenye meza ya chakula, alikokuwa amesimama Bibiche na kijiko cha kupakulia, kwa kuwa Umoja haukuwahi kumpa kazi nyingine.

"Balitumwaka, Mama," alisema Bibiche kwa Kiswahili cha Kongo, yaani walitumwa, na Président wake ndiye Mwenyekiti wetu. "Ile siku mi njo nilikuwa napika. Bia iliishaka. Président alichukuaka ufunguo ya Samson ku meza, akamutupia Tharcisse, akamuambia, 'Kimbia ulete bia na barafu, wageni wasione haya.' Tharcisse akamuambia, 'Mzee, mi nimeshakunywa.' Président akacheka. Akasema, 'Mwanaume gani huyo?' Njo Samson akasema, 'Basi nitaenda naye, nimuangalilie njia.'"

"Mbona hukusema siku zote hizi?" Pelagia alimuuliza, bila ukali.

"Hakuna mutu aliniulizaka, Mama. Na Président njo alitudhaminia nyumba."

Ndugu Gaudence, ambaye yuko hapa na anaweza kusahihisha kama tumekosea neno, alisimama akasema kwamba huu si wakati wa kutafuta mchawi, kwamba yaliyopita si ndwele, kwamba hakuna anayekumbuka vizuri mambo ya miaka sita, na kwamba ni vyema tufunge kwa sala. Wakafunga kwa sala. Walisimama, watu waliojua tangu siku ya kwanza nani alirusha ufunguo, waliomfukuza kijana wa watu mbio mbio ili asije akatamka, waliouita woga wao heshima ya mjane, wakafumba macho na kumwomba Mungu hekima. Pelagia peke yake hakufumba, alibaki akiwatazama, na alituambia baadaye kwamba mpaka siku ile alikuwa akiwachukia, lakini kuanzia pale chuki yote ilimwisha, akabaki na dharau, ambayo ni nyepesi zaidi kubeba.

Mwezi Julai Kamati ilitoa uamuzi kwamba rufaa imeahirishwa hadi hali ya hewa itakapotulia. Imeahirishwa hadi leo. Ndugu zetu wa Dallas mtatuambia hali ya hewa ikoje.

Basi Jumamosi tarehe 12 Agosti 2023, mchana kweupe, marehemu aliwaita watu sebuleni kwake hapa Pearland, Tharcisse akaletwa na Bibiche, akaketi Abigail, akaketi Erick, akaketi Edson, na yule mwenzake wa wodini, ambaye alimwambia jambo moja tu, kwamba asiweke meza katikati. Hapakuwa na mwenyekiti. Pelagia alisema kwanza, akaeleza ilivyokuwa kurudi kutoka zamu na kuvua sare huku polisi wamesimama sebuleni, akaeleza miaka ya kulala upande mmoja wa kitanda, akaeleza kila kitu, na Tharcisse alisikiliza akiwa ameshika magoti yake. Abigail akasema yake. Erick, aliyekuwa na miaka kumi na mitatu baba yake alipokufa, aliuliza kwa Kiingereza swali moja, kama baba alisema chochote.

Tharcisse alijibu polepole, kwa Kiswahili, ili Mama Abigail asikie pia. Alisema Samson alikuwa amekaa kiti cha pembeni akimwigiza Mwenyekiti akitoa hotuba ya kukaribisha wageni, sauti ile ile, kukohoa kule kule, na kwamba yeye Tharcisse alicheka mpaka machozi, akafunga macho kidogo, na kona ikafika. "Alisema, 'Tharcisse, mbele,'" alisema. "Hakupiga kelele. Alisema tu kama vile alinifundishaka zamani, 'Tharcisse, mbele.' Njo ilikuwa mwisho." Kisha akasema lile ambalo mawakili walimkataza kumwambia mjane na Umoja ukamnyima mahali pa kulisema. "Nilimuua mimi, Mama. Président alitupa ufunguo, lakini mimi njo niliudaka."

Mbele ya watoto wake waliokuwa wanalia, Pelagia akaanza kucheka, kicheko cha kweli, cha tumboni, ambacho nyumba ile ilikuwa haijakisikia tangu mwaka 2017, akasema, "Kwa hiyo alikufa anamcheka Gaudence," akacheka tena, halafu akalia, na Abigail akaja akamshika. Huo ndio ulikuwa ushahidi aliounyimwa na mahakama kwa kutojua na akaunyimwa na Umoja kwa makusudi, na ndugu waombolezaji, ulimtosha.

Hakusema amemsamehe. Aliweka masharti, akayasema papo hapo bila kushauriana na mtu, kwamba Tharcisse asiguse pombe tena, kwamba Jumamosi moja ya kila mwezi aje Pearland kulitunza kaburi la Samson, na kwamba kijana yeyote wa Kiswahili atakayetaka kujua ilikuwaje, ghalani, kanisani, popote, amwambie yote, pamoja na ufunguo nani alirusha na nani alidaka. Tharcisse alikubali, na safari hii hakuwa Ndiyo Mzee, maana aliuliza kama anaweza kwanza kuomba ruhusa kazini kwa Jumamosi hizo, akabishana kidogo juu ya siku, na Pelagia akamwambia Edson jikoni, "Umeona, kumbe anaweza kukataa." Mwezi mmoja alipokosa kuja, alipigiwa simu saa nne asubuhi. "Gari limekufa," alisema. "Samson naye amekufa," alijibiwa, "na bado yuko pale pale, hajahama." Jioni alifika, kwa gari la Bibiche.

Polepole watu wa kawaida, wasio na cheo, walianza kumsalimia Tharcisse, kwanza Wakongo, kisha watu wa Kigoma, kisha wetu wa Bukoba, kwa sababu ilikuwa vigumu kumkwepa mtu ambaye mjane mwenyewe alikaa naye benchi moja kanisani, na familia inatamka wazi kwamba katika hilo Kamati haikuchangia kitu, ila vitafunio.

Mwezi Novemba 2024 marehemu alianza kusikia maumivu ya tumbo, akapimwa, akaitazama picha mwenyewe kabla daktari hajamaliza sentensi, akajua ni saratani ya kongosho, akaomba aambiwe ukweli na akaambiwa. Alitibiwa mwaka mzima, akafanya kazi mpaka mwezi Machi, akamwona Abigail akifunga ndoa tarehe 26 Aprili 2025, na mwezi Oktoba akalazwa mara ya mwisho. Ujumbe wa Kamati ulikuja kumtazama na kikapu cha matunda ambayo mgonjwa hawezi kula, na Ndugu Gaudence akasema, "Mama Abigail, tumekuja kukuombea."

"Ombeni," alisema, "mimi nitangoja. Ila kabla hamjaanza, Mwenyekiti, ufunguo uliurusha au hukuurusha?"

Ndugu Gaudence alitazama dirishani, akasema maegesho ya hospitali hii ni ya shida sana, na kwamba wasije wakachelewa. Pelagia aliwasindikiza kwa macho hadi mlangoni, akageuza kichwa ukutani. Alifariki Alhamisi tarehe 6 Novemba 2025, alfajiri, mikononi mwa watoto wake, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitano.

Tangu siku hiyo Umoja umetuma tanzia inayomtaja marehemu kuwa nguzo ya maridhiano yaliyofanyika chini ya uongozi makini wa Kamati, na juzi ukatuomba dakika chache katika ratiba ili Mwenyekiti afute rasmi azimio la kumtenga Tharcisse hapa mbele ya jeneza. Familia imekataa. Jeneza la Pelagia si meza ya mikutano, na kama mnataka kulifuta azimio, lifuteni huko Carrollton mlikolisoma, mbele ya watu wale wale, naye Tharcisse akiwa ndani ya ukumbi na si kwenye gari, na mseme kwa nini mlikuwa na haraka.

Badala yake familia inatekeleza agizo la marehemu mwenyewe. Aliagiza jeneza lake libebwe na watu sita, nao ni Erick, mkwewe, Edson, Tharcisse, mtoto mkubwa wa Bibiche, na Ndugu Gaudence, na akaagiza Tharcisse ashike mbele upande wa kulia na Ndugu Gaudence mbele upande wa kushoto, bega kwa bega, mpaka kaburini. Ndugu Gaudence aliarifiwa Jumatano, akajibu kwamba mgongo unamsumbua. Familia inampa pole, na inakumbuka kwamba mgongo huo huo tuliuona mwezi Julai katika sherehe ya mwaka, ukibeba kreti. Hata hivyo marehemu alilitarajia hilo, akasema Mwenyekiti akikataa asiwekwe mtu mwingine mahali pake, wabebe watano, na nafasi iachwe wazi ili kila aliyekuja aione. Padre atakapomaliza, mpini utakuwa unangoja, Ndugu Gaudence, na hakuna atakayekusukuma.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa ukweli, majirani wa Pearland waliokata nyasi zetu bila kuombwa, wenzake wa wodi ya moyo, na zaidi yule aliyemwambia asiweke meza katikati, Padre na wanakwaya, Bibiche aliyempikia uji hadi siku ya mwisho, na wote mliokuja kwa mapenzi, hata mliokuja kuonekana, maana nanyi mmejaza viti.

Pelagia, dada yetu, mama yetu, uliuliza ukajibiwa. Sasa nenda ukapumzike, na amani iwe yako.